Kimbunga kikitajwa, hofu yako ipime hivi

Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipotangazwa, hapa Mikindani, Mtwara, nilikesha mlangoni na watoto wamevaa viatu. Tarehe 25 kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, kikaua watu huko. Basi Mei 2024, Hidaya kilipotajwa, jirani akaniambia, "Dada, lala, hata kile hakikufika." Hidaya kikafika kisiwa cha Mafia tarehe 4, na mvua yake ikakata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga. Kaka yangu alikwama upande wa pili na magunia yake ya nazi siku kadhaa.

Kwa hiyo usianze na jina la kimbunga. Anza na mahali ulipo. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na upepo wa huku haupati msokoto kama wa kule kusini zaidi, ndiyo maana vingi huishia Msumbiji na Madagaska. Lakini nadra si kamwe: mama mkwe wangu alikuwa mtoto Lindi kimbunga kilipopiga Aprili 1952, na hadi leo husimulia minazi ilivyolala.

Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isome yote. Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni ngazi tatu tofauti. Tazama tarehe, tazama mkoa, tazama kama inasema mvua au upepo. Sauti ya WhatsApp isiyo na tarehe usiitume kwa mtu, hasa kwa mzee mwenye presha.

Kisha panda juu ya nyumba yako. Mimi nilipanda na fundi, tukakuta kona ya upande wa bahari misumari miwili imelegea. Ukilisukuma bati kwa kiganja linainuka na kupumua. Bati la namna hiyo halihitaji kimbunga, dhoruba moja ya masika inatosha kulibeba. Tulifunga papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, kwenye kenchi kwa waya wa kufungia nondo, mizunguko mitatu kila kiungo, tukakata tawi la mwembe lililoegemea jikoni. Mtaro nao tuliuzibua, maana ukuta wa udongo huanguka kwa kulowa chini.

Wenye wavuvi nyumbani, naomba mnisikilize hapa. Upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya zaidi ya mita 2 hutangazwa mara nyingi wakati wa kusi, msimu wa upepo wa kusini, bila jina lolote la kutisha. Siku hizo ndizo ninazomwogopea mume wangu kuliko kimbunga. Likisomwa angalizo hilo, haendi, hata kama ndani hakuna mboga. Ngalawa tunaivuta kupita mstari wa mwani ulioachwa na bamvua, yaani maji makuu ya bahari, tunaifunga kwenye shina la mnazi ulio hai, na tanga linaingia ndani.