Namna ya Kusafirisha Shehena ya Biashara kutoka Dubai kwenda Nchi Jirani za Ghuba

Mfanyabiashara anayetaka kupeleka mzigo kutoka Dubai kwenda Maskati, Dammam au Doha kwa kawaida huanza kwa kumpigia simu mwenye lori na kuuliza bei. Baada ya miaka mingi ya kuandaa karatasi za forodha katika ofisi ya usafirishaji hapa Dubai, nimejiridhisha kwamba swali la bei linapaswa kuja baadaye sana. Swali la kwanza ni kama bidhaa hizo zimekwisha kulipiwa ushuru katika mojawapo ya nchi za Baraza la Ushirikiano la Ghuba, na kama zimelipiwa, iko wapi karatasi inayothibitisha hivyo. Jibu lake ndilo litakaloamua gharama yako halisi, aina ya tamko la forodha utakalofungua (yaani hati ya kuieleza forodha bidhaa zako), na mara nyingi hata njia utakayopita.

Nchi sita za Baraza hilo, yaani Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Oman, Qatar, Bahrain na Kuwait, zilianza umoja wa forodha tarehe 1 Januari 2003, kwa ushuru wa pamoja wa asilimia 5 juu ya bidhaa nyingi zinazotoka nje ya Ghuba. Ushuru huo hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli mpaka mahali pa kuingilia. Kimsingi, bidhaa iliyolipiwa ushuru ilipoingia kwa mara ya kwanza haitozwi tena inapovuka kwenda nchi mwanachama nyingine, isipokuwa pale ambapo nchi inayopokea imejiwekea viwango vyake, kama Saudi Arabia ilivyopandisha ushuru wa bidhaa nyingi mwaka 2020. Nchi inayopokea hudai fedha zake kutoka nchi ya kwanza kwa utaratibu uitwao maqasa, yaani kufidiana mahesabu baina ya forodha na forodha. Lakini maqasa hufanyika tu ikiwa tamko la kutoka linataja namba ya tamko la awali la kuingiza bidhaa zilezile. Pasipo namba hiyo, ofisa wa mpakani hana msingi wa kukuamini, naye atakutoza upya.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa Deira, mtaa wa maduka ya jumla hapa Dubai, wanapoumia, wakiwemo Waswahili wenzetu wa Maskati wanaokuja kununua kwa jumla. Muuza duka amenunua kutoka kwa muuza jumla, ambaye naye amenunua kutoka kwa mwagizaji. Ushuru ulilipwa kweli, ila ulilipwa na mtu wa tatu kwa jina lake, na tamko lake limebaki kwenye faili lake. Chukua mzigo wenye thamani ya dirham 80,000: kukosa namba hiyo ya tamko kunakugharimu dirham 4,000 ambazo hazikupaswa kutoka mfukoni mwako. Kwa hiyo mwombe muuzaji nakala ya tamko la uingizaji, ambalo huku wengi huliita bayan kwa Kiarabu, kabla hujamlipa. Akishapokea fedha, hana haraka tena ya kukutafutia.

Hali ni tofauti kwa bidhaa zilizoko katika eneo huru, kama lile la Jebel Ali lililoanzishwa mwaka 1985. Bidhaa hizo kisheria bado hazijaingia katika soko la Ghuba, hazijalipiwa ushuru, na zikivuka mpaka huhesabiwa kama zinatoka China au India moja kwa moja. Hata bidhaa iliyotengenezwa ndani ya eneo huru haichukuliwi na Saudi Arabia kuwa bidhaa ya Ghuba, kwa kanuni walizozitoa mwaka 2021. Usimwahidi mteja wa Riyadh bei isiyo na ushuru kwa sababu tu kiwanda kiko Dubai.

Juu ya ushuru ipo Kodi ya Ongezeko la Thamani, na hii haina maqasa. Hutozwa nchi ya kupokea, juu ya thamani pamoja na ushuru. Saudi Arabia hutoza asilimia 15 tangu Julai 2020, Bahrain asilimia 10 tangu Januari 2022, na Oman asilimia 5 tangu Aprili 2021, wakati Qatar na Kuwait hazina kodi hiyo hadi ninapoandika. Kwa mzigo wetu wa dirham 80,000 ambao haukuwa na ushahidi wa ushuru, kodi itakokotolewa juu ya 84,000: ni dirham 12,600 ukienda Saudi Arabia na 4,200 ukienda Oman. Mpokeaji aliyesajiliwa anaweza kuirejesha katika hesabu zake za kodi, lakini fedha taslimu lazima ziwepo siku ya kuvuka. Ikiwa mmekubaliana kwamba muuzaji ndiye anayegharimia kila kitu mpaka mlangoni kwa mpokeaji, andikeni wazi katika mkataba kama kodi hii imo au haimo, kwa maana ugomvi mwingi niliousuluhisha ulianzia hapo.

Karatasi zenyewe si nyingi. Unahitaji ankara ya biashara, orodha ya upakiaji, cheti cha asili ya bidhaa kutoka chemba ya biashara, tamko la kutoka, na hati ya lori au hati ya shehena ya meli. Kinachowakwamisha watu ni karatasi hizo kutosemezana. Ankara ikisema katoni 480 na orodha ya upakiaji ikisema 478 kwa sababu mbili zilibaki godauni, lori zima husimama. Uzito, idadi, msimbo wa bidhaa, jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye leseni yake na nchi ya asili lazima vifanane neno kwa neno na tarakimu kwa tarakimu. Mimi huziweka karatasi zote mezani sambamba na kuzisoma kwa sauti pamoja na mwenzangu, yeye akishika ankara na mimi nikishika tamko. Inachukua dakika ishirini.

Baadhi ya bidhaa zinahitaji kibali kabla ya kusafiri. Kwa Saudi Arabia, bidhaa zilizo chini ya kanuni za viwango husajiliwa kwenye jukwaa la SABER ili zipate cheti cha ulinganifu. Chakula na dawa hupitia mamlaka ya chakula na dawa ya nchi husika, na lebo ya chakula iwe na Kiarabu. Jambo linalosahaulika zaidi ni alama ya nchi ya asili, ambayo Saudi Arabia inataka iwe juu ya bidhaa yenyewe na isiyobanduka. Niliwahi kupeleka shehena ya vifaa vya umeme kwenda Dammam ikiwa na karatasi zote. Ofisa alifungua katoni moja, akatoa kifaa, akakigeuza juu chini, kisha akakwangua kwa ukucha kibandiko kilichoandikwa nchi ya utengenezaji. Kibandiko kikatoka kizimakizima kama ganda la kitunguu. Shehena yote ilirudishwa Dubai, tukalipa nauli mara mbili, na mteja akapoteza zabuni yake. Tangu siku hiyo sipakii kitu cha Saudi Arabia bila kufungua katoni kadhaa na kukwangua mwenyewe.

Sasa njia. Ushauri wangu ni kwamba uhesabu mipaka kabla ya kuhesabu kilomita. Kutoka Dubai kwenda Oman unavuka mpaka mmoja tu, ama kupitia Hatta na Al Wajajah, ama Khatmat Malaha upande wa Fujairah, ama kwa Al Ain na Buraimi. Maskati iko umbali wa takriban kilomita 450, na kwa mzigo wa kawaida lori halina mshindani, kwani meli kutoka Jebel Ali hulazimika kuzunguka kwa kupitia Mlango Bahari wa Hormuz ili kufika bandari ya Sohar, Oman, mahali ambapo lori hufika kwa saa chache. Kwenda Saudi Arabia pia ni mpaka mmoja, Al Ghuwaifat upande wa Falme na Al Batha upande wa pili, ila ukaguzi wake ni mzito na foleni ya malori inaweza kuwa ndefu. Usishangae wakishusha mzigo na kupekua sanduku baada ya sanduku: mwaka 2021 Saudi Arabia ilipiga marufuku matunda na mboga kutoka Lebanon baada ya kukamata vidonge vya kaptagoni, aina ya dawa za kulevya, vilivyofichwa ndani ya makomamanga.

Kwa Qatar, Bahrain na Kuwait, lori kutoka Dubai hupita kwanza Saudi Arabia kama mzigo wa kupitia tu, kisha huvuka tena: Salwa na Abu Samra kwa Qatar, Daraja la Mfalme Fahd kwa Bahrain, Khafji na Nuwaiseeb kwa Kuwait. Daraja hilo, lenye kilomita kama 25 na lililofunguliwa mwaka 1986, lina kituo cha forodha juu ya kisiwa kilichojengwa katikati ya bahari, na nafasi ya malori kusubiri pale si ya kutosha kila siku. Kwa safari hizi za mipaka miwili, bahari inastahili kufikiriwa kwa uzito. Kontena kutoka Jebel Ali hupelekwa na meli ndogo za kusambaza hadi bandari ya Hamad (Qatar), Khalifa bin Salman (Bahrain) au Shuwaikh (Kuwait) bila kugusa forodha ya nchi ya tatu. Safari ya majini ni ya siku chache, ingawa ukijumlisha siku za kusubiri meli, kupakia na kutoa kontena bandarini, unaweza kufika wiki moja au zaidi. Marumaru, mashine na vitu vizito viende kwa meli. Mzigo mchanganyiko wa palete chache, au unaotakiwa keshokutwa, uende kwa barabara.

Anayepeleka Qatar mara kwa mara asisahau pia kilichotokea Juni 2017, pale mpaka wa nchi kavu ulipofungwa na shehena zikalazimika kupitia Sohar na Salalah mpaka Januari 2021. Waliokuwa na wakala Oman waliendelea kufanya biashara. Wengine walikaa wakisubiri.

Panga pia siku. Tangu Januari 2022 Falme za Kiarabu hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ofisi za serikali hufanya kazi nusu siku, ilhali majirani wote watano hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Mipaka hupitisha magari, lakini ofisi ya kutoa kibali, benki au mpokeaji mwenyewe huenda asipatikane, na siku ambazo pande zote mbili zipo kazini kikamilifu ni Jumatatu hadi Alhamisi. Lori likiondoka Dubai Jumatatu usiku linakuwa na siku tatu za kurekebisha kosa lolote. Likiondoka Alhamisi halina hata moja. Mwezi wa Ramadhani saa za ofisi hupungua, na hapa Falme kazi za juani husitishwa mchana, saa sita na nusu hadi saa tisa, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, kwa hiyo panga kupakia alfajiri. Joto hilo huyeyusha gundi ya katoni na kuharibu vipodozi na chokoleti ndani ya trela la kawaida, hivyo bidhaa za namna hiyo zilipiwe gari la baridi bila kubishana.

Wakati wa kupakia, simama pale mwenyewe au mweke mtu unayemwamini. Vitu vizito vikae chini na vigawanywe sawa juu ya ekseli, palete zifungwe kwa mikanda, na sampuli za kila aina ya bidhaa ziwekwe karibu na mlango ili mkaguzi asilazimike kushusha mzigo wote. Milango ikifungwa, piga picha ya lakiri, yaani kifungio chenye namba kinachotiwa mlangoni, ikionyesha namba yake, na hakikisha namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye tamko. Dereva apewe nakala ngumu za kila karatasi pamoja na simu ya wakala wa forodha wa upande wa pili, yule aitwaye mukhallis, ambaye anapaswa kuwa amekwisha kufungua tamko lake kwenye mfumo wa nchi yake, FASAH kwa Saudi Arabia au Bayan (hapa ni jina la mfumo) kwa Oman, kabla lori halijafika. Hakikisha visa ya dereva na bima ya gari kwa nchi zote atakazopita. Na wewe dereva unayetoka kwetu Afrika Mashariki, usibebe miraa wala furushi la mtu usiyemjua, kwa maana miraa huku ni dawa ya kulevya mbele ya sheria na kifungo chake ni cha kweli.

Mzigo ukifika, mpokeaji alinganishe lakiri na picha kabla ya kuikata, ahesabu, na aandike upungufu wowote kwenye hati ya kupokelea mbele ya dereva, kwa sababu kampuni ya bima itaiomba hati hiyo kwanza. Kwa njia ya bahari, kontena tupu lirudishwe ndani ya siku za bure zilizotolewa na wenye meli, la sivyo tozo hukimbia kila siku. Nawe muuzaji wa Dubai, mdai wakala wako cheti cha kutoka kinachoonyesha kwamba bidhaa zilivuka mpaka ndani ya siku 90, kwani ndicho kinachokuruhusu kuhesabu mauzo hayo kwa kodi ya asilimia sifuri. Kiambatanishe na tamko, ankara na risiti ya ushuru katika faili moja, na ulitunze kwa miaka 5.