Kupima utabiri wa dhoruba za usiku Ziwa Kivu kwa setilaiti

Vimbunga vya baharini havitufikii hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu. Kinachowatia hofu wavuvi wa sambaza (samaki wadogo wa ziwa hili) ni mvua ya radi inayopiga ziwani usiku wa manane. Mchana mawingu hujijenga juu ya milima. Usiku upepo wa nchi kavu huteremka kutoka kando zote na kukutana juu ya maji yenye joto. Ziwa ni dogo, kwa hiyo modeli nyingi, yaani programu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa, huliona kwa taabu. Ndiyo sababu nakagua utabiri kila siku, hivi.

1. Panga saa kwanza. Data zote huandikwa kwa UTC (saa ya kimataifa), na Goma tuko mbele kwa saa 2 (Kinshasa ni saa 1 tu, angalia mwenzako wa huko asikuchanganye). UTC 18 ni saa 2 usiku kwetu, UTC 00 ni saa 8 usiku, UTC 06 ni saa 2 asubuhi. Maana yake tarehe ya faili hubadilika saa 8 usiku, dhoruba ikiwa katikati. Mimi niliwahi kulinganisha utabiri wa usiku mmoja na mvua ya usiku uliofuata, wiki tatu nzima, huku nikiilaumu modeli. Siku hizi kila usiku naupa tarehe ya jioni yake, basi.

2. Chukua utabiri. GFS, modeli ya Marekani, ni bure na hutoka mara 4 kwa siku. Tumia wa UTC 06. Ule wa UTC 12 hufika jioni, mitumbwi imeshaondoka. Toa mvua ya kuanzia UTC 18 hadi 06 kwa eneo la kusini ya nyuzi 1.7 hadi 1.9, mashariki ya nyuzi 29.0 hadi 29.3.

3. Chukua mvua ya setilaiti. IMERG, makadirio ya mvua ya NASA (shirika la anga la Marekani), toleo la mapema, hupatikana baada ya muda wa saa 4 hivi. Kila faili ni ya nusu saa, lakini namba zilizomo ni milimita kwa saa! Jumlisha mafaili 24, kisha gawanya kwa 2. Ukisahau, kila usiku utaonekana wa gharika.

Data hizi hugawa ramani kwa visanduku: upande wa kisanduku cha IMERG ni kama kilomita 11, cha GFS kama 28. Mvua kali ya sehemu ndogo hupoa ikisambazwa kwenye kisanduku kikubwa, kwa hiyo usitumie kipimo kimoja kwa zote mbili. Mimi naita dhoruba usiku unaofikisha milimita 10 kwenye IMERG na 5 kwenye GFS. Chagua vyako, ila usivibadilishe katikati ya mwezi.

4. Tazama picha za Meteosat, setilaiti za Ulaya za hali ya hewa. IMERG hukadiria mvua ya milimani pungufu mara kwa mara. Kilele cha wingu chini ya nyuzi -60 kinachopanuka haraka ni dhoruba hai. Utandu mwembamba unaosukumwa na upepo nao ni baridi, lakini hauna kitu.

5. Hesabu. Tuseme katika usiku 30, dhoruba ilitabiriwa ikaja mara 9, ilitabiriwa isije 6, ilikuja bila kutabiriwa 4. Iliyokamatwa ni 9 kati ya 13, yaani 0.69, kengele za bure ni 6 kati ya 15, yaani 0.40.

Ufukweni usitaje 0.69. Waambie wazee wa mitumbwi: usiku 4 mvua ilikuja bila taarifa.