Kabla ya kuingiza gesi kiwandani Mombasa

Mwenye kiwanda cha mikate, juisi au maziwa anayetaka kuachana na kuni au dizeli, asianze na bei. Aanze na swali la gesi gani. Uingereza au Uholanzi, kiwanda cha biskuti huletewa gesi asilia kwa bomba, na Dar es Salaam vipo viwanda vinavyochoma gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo, ambayo uzalishaji wake ulianza mwaka 2004. Mombasa bomba hilo hatuna. Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kulileta Mei 2021, lakini usipange kiwanda kwa kutegemea bomba ambalo halijalazwa. Inayotufikia ni gesi ya mitungi, inashushwa melini, na hiyo ndiyo ya kupigia hesabu.

Kila gesi ina vifaa vyake. Kwa kila mita ya ujazo, ya mitungi hutoa joto karibu mara mbili na nusu ya gesi asilia, ndiyo maana tundu la kichomeo chake huwa dogo. Ukiagiza tanuri kuukuu kutoka Ulaya, uliza ni la gesi gani na umwite fundi abadilishe matundu kabla hujaliwasha. La sivyo mwali utapanda mrefu wa manjano, masizi yashike mikate, na hewa ya sumu ijae chumbani.

Zaidi ya yote, fikiria uvujaji. Gesi asilia ni nyepesi, hupanda juu. Ya mitungi ni nzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, ikaingia mtaroni na kukaa humo ikingoja cheche. Basi mchoro wa Ulaya unaoweka king'amuzi cha gesi inayovuja karibu na dari haukufai. Kiweke karibu na sakafu, toboa matundu ya hewa chini ya ukuta, na mitungi ikae nje, mbali na mitaro. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, katikati ya makazi, na watu wakafa. Basi vibali vya kuweka mitungi au tangi la gesi vishughulikie mapema, kabla hata ya kumwaga zege.

Ukivuta gesi nyingi kwa kasi, mtungi hupoa, hutoka jasho, kisha barafu nyeupe hushika upande wa chini na mwali hufifia, hata jua la Changamwe likiwaka. Unganisha mitungi kadhaa. Mabomba yapake rangi kwa ajili ya chumvi ya bahari, na maungio uyapime kwa povu la sabuni.

Mwenye soda ana gesi ya pili ya kuwazia, ile ya mapovu, yaani kaboni dioksidi. Septemba 2021 gesi asilia ilipopanda bei, viwanda viwili vya mbolea Uingereza vilisimama, na watengenezaji wa vinywaji wakaanza kuhangaikia kaboni dioksidi, kwa kuwa hupatikana pale amonia ya mbolea inapotengenezwa kwa gesi asilia. Kwetu, nyingine huchimbwa ardhini Kereita, Kiambu. Muulize anayekuuzia anaitoa wapi, na akiba yake ni ya siku ngapi.