Jinsi ya kusoma rivyuu za albamu ya progu yenye mudi nzito bila kudanganywa na nyota

Kuna albamu niliikimbia karibu miaka sita kisa mhakiki mmoja aliipa nyota mbili kati ya tano. Na kinachouma ni kwamba maneno yake yalikuwa yamenipa kila sababu ya kuisikiliza, aliandika kwamba ni kama kutembea kwenye nyumba ndefu isiyo na taa, kila mlango ukiufungua unakuta korido nyingine. Jamani, mbona huo ndo muziki ninaoutafuta mimi! Ila jicho lilishaona nyota mbili, nikapita zangu.

Kwa hiyo tuongee namna ya kuzisoma hizi rivyuu, nazungumzia roki ya progresivu, yaani progu, ile ya giza giza, ngoma za dakika kumi na ngapi, kinanda kinalia kama kwaya iliyo mbali, mwimbaji anaimba kama katoka kuzika. Pop unaweza ukasoma rivyuu juu juu ukapata picha, huku hapana.

Kwanza kabisa ziba namba. Sitanii, weka kidole gumba juu ya hizo nyota usome maneno kwanza. Na kama umeikuta albamu kwenye Metacritic, ile tovuti inayokusanya rivyuu, namba ya juu ni wastani tu, wanachukua nyota za huyu na herufi za yule (A, B, C) wanazigeuza kuwa alama za mpaka 100, halafu baadhi ya wahakiki wanapewa uzito kuliko wengine. Sasa 70 inaweza kuwa watu kumi wote wametoa 70, yaani albamu ya kawaida haimkeri mtu, au nusu wametoa 100 na nusu 40. Albamu za mudi nzito mara nyingi naziona kwenye hilo kundi la pili, na hilo ndo kundi tamu. Shuka chini uone alama zimetawanyika vipi kabla hujaamini wastani.

Halafu tarehe. Angalia tarehe hata kabla ya jina la aliyeandika, maana rivyuu ya wiki ile albamu ilipotoka na rivyuu ya toleo jipya miaka arobaini baadaye si kitu kimoja hata kama jalada ni lile lile. Bendi ya King Crimson ilitoa albamu yake ya kwanza Oktoba 1969, mhakiki Robert Christgau kule Marekani akaitukana kwa neno la chooni kabisa siliandiki hapa, huku Pete Townshend wa bendi ya roki The Who akiiita kazi bora isiyo ya kawaida, albamu ile ile na mwaka ule ule, na kwenye chati za Uingereza ikapanda mpaka namba 5. Kuanzia 2009 mwanamuziki Steven Wilson akawa anazimiksi upya albamu za King Crimson, yaani anapanga upya sauti za vyombo kutoka rekodi za zamani, kwa hiyo rivyuu nyingi za siku hizi zinasifia miksi yake, unasoma "kila chombo kinasikika peke yake", unaenda kufungua toleo la zamani unashangaa mbona ukungu mtupu. Umesoma rivyuu ya kitu kingine.

Kuna na kipindi cha 1976 na 1977, punk, roki ya ngoma fupi za hasira, ilipoingia Uingereza. Magazeti ya muziki ya kila wiki yakaigeuza progu kichekesho, kwa hiyo rivyuu nyingi za pale ni ugomvi wa vizazi, muziki wenyewe umeguswa kidogo tu. Usiuchukulie serious sana huo ugomvi lakini. John Lydon wa bendi ya punk Sex Pistols alikuwa anavaa fulana ya Pink Floyd, bendi ya progu, aliyoiandika juu kwamba anawachukia, halafu mwaka 1977 kaalikwa redioni London achague nyimbo anazozipenda, akapiga za Peter Hammill, mwimbaji wa bendi ya progu Van der Graaf Generator, na kumsifia juu. Na hao Van der Graaf, albamu yao ya 1971 Pawn Hearts ilishika namba 1 Italia wakati kwao Uingereza haikuingia hata chati, ina ngoma ya dakika 23 ya mlinzi wa mnara wa taa baharini anayechanganyikiwa kwa upweke, sasa ukisoma mahali "haikupokelewa vizuri", uliza haikupokelewa wapi.

Sasa tuje kwenye maneno, hapa ndo watu wengi wanapotea. Wahakiki wana msamiati wao na ukishaujua utasoma rivyuu kama mtu anayekuongelesha uso kwa uso.

Akisema albamu "imejikweza" au "ina majivuno", hilo ni tusi la zamani la progu na peke yake halikuambii kitu, maana yake tu ngoma ni ndefu, zina sehemu sehemu, kuna hadithi ndani. Lichukulie lina uzito pale hata waliomo ndani wanapolalamika. Bendi ya Yes ilitoa albamu ya santuri mbili mwaka 1973, ngoma nne tu, moja kila upande, wahakiki wengi wakaiponda, mashabiki wakainunua mpaka namba 1 Uingereza. Utasema basi wahakiki walikosea. Haya, lakini mpiga kinanda wao Rick Wakeman mwenyewe alichoka nayo kiasi kwamba shoo moja alikula kari palepale jukwaani huku wenzake wanaendelea kupiga, na baadaye akaondoka kwenye bendi. Hapo sasa nasikiliza wahakiki.

"Inajikokota" usiiamini mpaka akuambie ni ngoma ipi. "Haina wimbo wa kushika" kwa albamu ya mudi ni kama kulalamika kwamba bahari ina maji. "Inahitaji kusikilizwa mara nyingi" mara nyingi maana yake jamaa alikuwa na siku tatu kabla ya kukabidhi kazi na hajaielewa bado, anajilinda. Na kuna moja inaonekana sifa ila mimi inanitisha, "albamu ya ukomavu". Nimeumizwa na ukomavu mara nyingi, unakuta wamepunguza mwendo na kelele na hawakuweka chochote pale palipobaki wazi.

"Baridi, haina hisia" hiyo ichunguze vizuri, kwa sababu huku ubaridi mara nyingi umetengenezwa makusudi. Chukua Mellotron, kile kinanda kinachosikika kwenye nusu ya albamu za zamani za aina hii. Ndani yake kila ufunguo una kipande cha utepe kilichorekodiwa violini au kwaya au filimbi, ukibonyeza utepe unacheza kama sekunde nane halafu basi umeisha, lazima uachie kidole urudi mwanzo. Ndo maana zile violini zinasikika kama za watu walio chumba cha pili, zinayumba kidogo, zinakatika kabla hujazishiba. Mhakiki mmoja atakuandikia "violini za bandia", mwingine "kama kumbukumbu ya okestra", na wote wamesikia utepe ule ule. Wewe jiulize unataka nini usiku wa leo.

Kipimo changu kikubwa hata hivyo ni kimoja, je huyu mtu ametaja mahali? Dakika, sehemu, chombo. Mfano Red ya King Crimson ya 1974, ilitoka bendi ikiwa imeshavunjika, Uingereza ikaishia namba 45, na leo inatajwa kati ya bora kabisa za aina hii. Ngoma yake ya mwisho ina dakika 12. Dakika za mwanzo mwimbaji anaimba taratibu, kisha sauti inaondoka, gitaa la Robert Fripp linabaki kwenye noti moja. Moja. Inarudiwa, inarudiwa, inapanda kidogo, besi chini inazidi kuchafuka, dramu zinaanza kupotea potea halafu zinajaa, dakika zinapita na wewe bega limeshapanda mpaka sikioni bila kujua. Mhakiki akiandika tu "kipande cha katikati kinachosha" hajanisaidia. Akiandika "anarudia noti moja dakika nne nzima mpaka unataka kupiga kelele", hata kama ametoa sifuri, huyo kaniambia ukweli wote na mimi nishaamua.

Angalia pia rivyuu zinazolalamikia kisichokuwepo. Bendi ya metali Opeth walipotoa albamu ya Heritage 2011 bila ile sauti yao ya kuimba kwa kunguruma, ukurasa kwa ukurasa watu wanalia kuhusu kunguruma. Haya tumesikia, kilichopo je? Rivyuu ya namna hiyo isome kama barua ya mtu aliyeachwa, ina uchungu wa kweli ila haikuambii huyo mpenzi yukoje.

Mashabiki nao hawana afadhali, nyota tano siku ileile albamu imetoka, hajaisikia hata mara mbili. Bonyeza uone amezipa nini albamu nyingine, akiwa ametoa tano kote mwache. Ninayemwamini ni yule mwenye albamu zote za bendi ambaye kwa hii ametoa tatu na kueleza kwa nini, huyo ni dhahabu.

Ukishasoma mbili tatu inatosha, usisome ishirini, utaingia kwenye albamu ukiwa umeshachoka nayo. Weka hedifoni, zima taa ukitaka, cheza kwa mpangilio wake usirukeruke, hizi za zamani zimepangwa kwa upande wa santuri kama dakika 20 hivi kwa hiyo ukipumzika, pumzika katikati ya albamu na siyo katikati ya ngoma. Kesho yake rudia. Baada ya hapo ndo urudi kwenye rivyuu iliyoiponda kuliko zote, isome huku muziki unacheza, uone unakubaliana naye wapi.

Mimi na yule wa nyota mbili tulifanya hivyo. Miaka sita imepita nikaifungua albamu, rivyuu yake iko mbele yangu, na kila alichosema kipo, giza lipo, milango ipo, korido haziishi kweli. Namfuatilia mpaka leo, na akitoa nyota mbili akalalamika kwamba haoni mbele, naidaunilodi usiku huohuo.