Kuimba na Kucheza na Watoto Nyimbo za Vipindi vya Televisheni: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi

Nyimbo za vipindi vya watoto hutungwa ili mtazamaji naye aimbe. Hata hivyo, katika nyumba nyingi mtoto huachwa sebuleni peke yake, akadakia nusu ya kiitikio huku macho yameganda kwenye kioo, na mlezi akaridhika kwamba kipindi kimefanya kazi yake. Mwongozo huu ni wa mzazi, bibi, dada wa nyumbani au mwalimu wa chekechea anayetaka kuutoa wimbo kwenye televisheni na kuutia katika vinywa, mikono na miguu ya watoto, mpaka waweze kuuimba hata umeme ukiwa umekatika.

Anza na wimbo mmoja tu. Kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, mfano mzuri wa hapa kwetu ni katuni ya Akili and Me, inayotengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam, ambalo lilianzishwa mwaka 2013 na mwaka uliofuata likaanza kurusha Ubongo Kids kwa watoto wakubwa zaidi. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala, huingia katika nchi ya ndotoni iitwayo Lala Land, ambako yeye na marafiki zake wanyama hujifunza herufi, namba na mambo ya kila siku, mara nyingi kwa wimbo. Faida ya vipindi vya namna hii ni kwamba mtoto anaisikia lugha anayozungumza nyumbani, na anaona sura na mazingira asiyohitaji kuelezwa.

Si kila wimbo unaovutia machoni unafaa kuimbwa na kundi. Kabla ya kuwafundisha watoto, uimbe mwenyewe bila picha na usikilize mambo mawili. La kwanza ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo wimbo uliotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo huangusha pigo zito pale pale ambapo ulimi ungelemea katika mazungumzo, na mtoto huushika upesi. Nyimbo nyingi zilizobandikwa maneno ya Kiswahili juu ya mahadhi ya kigeni hulazimisha pigo liangukie mwisho wa neno, na hapo ndipo watoto hukwama au kumung'unya. La pili ni urefu wa mstari: kama wewe mtu mzima unahitaji kuvuta pumzi katikati ya kiitikio, mtoto wa miaka minne hataweza kukimaliza.

Mara ya kwanza, kaeni na mtazame pamoja bila kumhimiza mtoto afanye lolote. Mara ya pili, imba kiitikio peke yake na uyaachie maneno mengine yapite. Usiogope kurudia kipindi kile kile. Watengenezaji wa Blue's Clues, kipindi cha Marekani kilichoanza mwaka 1996, waliamua kurusha kila toleo siku tano mfululizo, kwa kuwa mtoto mdogo hushiriki zaidi anapojua kinachokuja. Kipindi hicho pia kilizoea kumwuliza mtazamaji swali kisha kunyamaza kidogo ili apate nafasi ya kujibu. Mbinu hiyo ya kunyamaza ichukueni nyumbani: imba mstari, ukate neno la mwisho, umtazame mtoto na usubiri. Wengi wetu hatuwezi kuvumilia ukimya huo, tunamjibia mtoto kabla hajafungua kinywa, ilhali ni katika sekunde hizo chache ndipo anapolitafuta neno mwenyewe.

Baada ya hapo, zima televisheni. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote. Watoto wadogo kwa kawaida hushika kwanza maneno, kisha mapigo, na sauti ya wimbo huja mwisho. Kwa hiyo msifuatane na rekodi yenye ala nyingi, bali semeni maneno polepole kama shairi, halafu yasemeni tena huku mkipiga makofi, na ndipo muanze kuimba. Chagua sauti ya juu kidogo kuliko ile unayoizoea, kwa maana koo la mtoto haliwezi kushuka lilipo koo la mtu mzima, hasa la mwanamume. Mtoto akiimba nje ya sauti, usimkosoe mbele ya wenzake. Mwimbie mstari ule tena ukiwa karibu naye, atajirekebisha kwa kusikia.

Kucheza kuje baada ya wimbo kukaa kinywani. Simameni kwa duara, nawe uwe ndani ya duara, si mbele yake. Ukilazimika kusimama mkabala na watoto, kumbuka kwamba wao hukuiga kama wanaojitazama kwenye kioo: ukitaka wainue mkono wa kulia, wewe inua wa kushoto. Fundisha mwendo mmoja kwa kila mstari na si zaidi, na mwendo huo ulingane na maneno, kama vile kuchuchumaa panapotajwa kulala au kunyoosha mikono panapotajwa mti.

Nyimbo za kuhesabu ndizo zenye utajiri zaidi, na mkishazoea mtindo wake kwenye televisheni mnaweza kutunga wenu. Chukua mfano huu:

Mbuzi watano wanakwenda kisimani,
mmoja kachoka, kajilaza njiani.
Wangapi wamebaki?

Watoto watano hutembea kwa duara wakikanyaga chini kwa kila pigo. Kwenye neno "kajilaza" mmoja huketi katikati. Wote husimama kimya, na waliobaki nje ya duara huhesabu kwa vidole kabla ya kuitikia kwa pamoja: "Wanne!" Kiongozi naye huanza tena na mbuzi wanne, kisha watatu, wawili, na mmoja. Mtoto hapa amejifunza kupunguza kwa kuona mwenzake akiketi, na amepatanisha namba na kiumbe bila kufundishwa sarufi. Mbuzi wa mwisho apewe heshima ya kuwaamsha wenzake wote, la sivyo watagombania nafasi hiyo. Na kila mzunguko mpya ubadilishe anayeongoza, kwa maana mtoto mwenye haya mara nyingi hupata sauti siku anapokuwa yeye ndiye anayeitikiwa.

Kuhusu mahali, sogeza meza na stuli, na uhakikishe televisheni imefungwa ukutani au imekaa juu ya kabati pana lisiloyumba, kwa sababu mtoto anayerukaruka akilivuta kabati anaweza kuangukiwa. Kwenye sakafu ya vigae, watoto wavue soksi wacheze pekupeku. Punguza sauti ya spika mpaka uwasikie watoto wenyewe. Kama huwasikii, nao hawajisikii.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Linashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya kioo, na mwenye miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, huku akipata angalau dakika 180 za kujongea kwa namna mbalimbali. Ukiyaweka mashauri hayo pamoja, wimbo wa dakika mbili uliotazamwa kisha ukachezwa kwa robo saa bila televisheni ni matumizi mazuri sana ya saa hiyo moja.

Pale umri unapochanganyika, mgawane kazi badala ya kumsubirisha mmoja. Mchanga abebwe mgongoni au mapajani na kurushwarushwa taratibu kufuata mapigo. Wa miaka miwili apewe kopo lenye punje za mahindi, lililofungwa sawasawa, alitikise kwenye kiitikio. Wakubwa waimbe beti na kubuni miondoko. Mtoto asiyesikia vizuri asimame karibu na ngoma, au aweke kiganja juu ya meza inayopigwa, apate mapigo kwa kuyagusa, na miondoko ya mikono imweleze maneno. Asiyeweza kusimama acheze kwa mabega na mikono, na ni vyema kundi zima liketi kwa beti moja au mbili ili mwendo wake uwe ndio unaofuatwa na wote.

Malizieni kwa kupunguza kasi. Imbeni wimbo ule ule mara mbili zaidi, kila mara polepole na kwa sauti ndogo zaidi, mara ya mwisho mkiwa mmeketi, kisha wapeni watoto maji ya kunywa. Siku inayofuata waulize wao wanataka kubadilisha neno gani: mbuzi awe ngamia, kisima kiwe soko, na wimbo uanze upya kwa maneno yao.