Mbuzi ana uvimbe chini ya sikio: chukua usaha kabla haujapasuka

Mbuzi wa Handeni au Pangani akitokewa na uvimbe, wa kwanza kulaumiwa huwa kupe au mwiba. Pengine ni kweli. Lakini uvimbe ukikaa penye mtoki hasa, yaani tezi ya limfu (chini ya sikio, kwenye taya, mbele ya bega, mbele ya paja au nyuma ya kiwele), ukawa mgumu, ukakua polepole na mnyama akaendelea kula kama kawaida, mshuku Corynebacterium pseudotuberculosis, bakteria anayeleta majipu ya mitoki. Daktari wa mifugo Mfaransa, Nocard, alimpata kwa ng'ombe mwaka 1888. Jina lake limepotosha wengi: huyu si wa kifua kikuu, hata kama linafanana na jina la ugonjwa huo (tuberculosis).

Kwanza bonyeza kwa kidole. Uvimbe laini chini ya taya unaobaki na shimo, tena unaozidi jioni mbuzi akitoka malishoni, kwa kawaida ni maji yanayoletwa na minyoo inayonyonya damu. Funua kope la chini. Ukiona weupe badala ya wekundu, shughulikia minyoo na usimchome mnyama sindano ya bure.

Kama ni mtoki, wakati mzuri wa kuchukua sampuli ni pale katikati panapoanza kulainika na nywele kupukutika. Ukishapasuka wenyewe umechelewa: bakteria wa ngozi na samadi huingia, na maabara itaotesha kila kitu isipokuwa unayemtafuta. Uliza pia kama mnyama amechomwa antibiotiki siku za karibuni, na jibu liandikwe.

Mtoe mbuzi zizini, mfunge penye sakafu ya saruji, au tandika gunia la plastiki utakalolichoma. Vaa glovu. Nyoa nywele, safisha kwa aiodini, kisha spiriti ya asilimia 70, na uache pakauke; ngozi ikiwa bado mbichi kwa spiriti, dawa itaingia na sindano na kuua unachokitafuta. Tumia bomba la mililita 10 na sindano nene, geji 14 au 16. Nyembamba huziba, maana usaha huu ni mzito kama dawa ya meno. Ukigoma kutoka, ingiza mililita 1 ya salaini (maji ya chumvi) safi, kisha vuta tena. Elekeza ncha karibu na ukuta wa jipu, kwa kuwa bakteria wengi wa katikati huwa wamekwisha kufa. Chini ya sikio pita juujuu tu, usichimbe: pana mshipa wa fahamu wa uso na mishipa ya damu.

Angalia rangi na harufu. Usaha wa ugonjwa huu ni mweupe unaoelekea kijani, na hauna harufu. Ukinuka vibaya, huenda ni bakteria mwingine. Kwa kondoo hujipanga tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Kwa mbuzi mara nyingi huwa rojo tupu.

Tia usaha kwenye chupa safi, iziba, andika namba ya mnyama, umri, mtoki uliotoa na tarehe, kisha iweke kwenye kisanduku cha barafu. Joto la Tanga halisamehe: panda basi la asubuhi, sampuli ifike maabara ya mifugo ndani ya saa 24.

Kwa wenzetu wa maabara: otesha kwenye sahani ya aga (rojo gumu la kuoteshea bakteria) yenye damu ya kondoo asilimia 5, nyuzi 37. Kosa kubwa ni kutupa sahani baada ya siku moja. Koloni zake siku ya kwanza ni vitone tu. Subiri saa 48 hadi 72, uone koloni nyeupe, kavu, zinazoteleza juu ya aga ukizisukuma kwa waya. Kwa rangi ya Gramu (ya kutofautisha bakteria kwa hadubini) ni vijiti vya zambarau vilivyopangana ovyo kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Vipimo vya vimeng'enya: katalasi chanya, yurease chanya. Aina ya bakteria huyu inayoshika mbuzi na kondoo kwa kawaida haibadilishi naitreti kuwa naitraiti. Inayoshika farasi hubadilisha.

Kipimo cha dawa kinaweza kuonyesha kwamba penisilini inamuua. Kwenye sahani, ndiyo. Ndani ya mnyama amejificha kwenye seli na nyuma ya ukuta mnene wa jipu, dawa haimfikii. Ndiyo maana sindano za siku tatu huishia kuwa hasara.

Kinachofaa ni daktari wa mifugo kulipasua jipu lililoiva, upande wa chini ili litiririke, usaha wote ukusanywe kwenye karatasi na kuchomwa, tundu lisafishwe kwa aiodini kila siku, na mbuzi atengwe mpaka kidonda kifunge kabisa. Fomalini isitiwe ndani ya jipu la mnyama wa kuliwa. Sakafu osha kwanza kwa sabuni, ndipo umwage jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Jiki juu ya samadi haifanyi kazi. Binadamu naye huweza kupata, ingawa ni nadra, kwa hiyo mwenye mchubuko mkononi asiguse.

Mbuzi walionunuliwa mnadani kuelekea Idi ya Kuchinja wasichanganywe na wa nyumbani. Karantini ya wiki mbili haitoshi, kwani uvimbe unaweza kuchukua miezi 2 hadi 6 kujitokeza. Wapapase mitoki yote kila mwezi, na anayebaki na mtoki mgumu aendelee kukaa peke yake.