Namna ya Kuandika Maelezo ya Zana ya Data za Fedha Binafsi kwa Ajili ya Mawakala wa Akili Mnemba

Mtu anayesoma maelezo ya zana akikwama humuuliza mwenzake. Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayomfanyia mtu kazi kwa kuita zana (programu ndogo, kwa mfano ya kusoma miamala ya benki), husoma jina la zana, maelezo yake na vigezo vyake, kisha huiita papo hapo, na pale maelezo yalipokaa kimya hukisia. Katika hesabu za fedha, kisio hilo hutoka likiwa tarakimu safi ambayo mwenye pesa hana sababu ya kuitilia shaka. Kwa hiyo, ingawa maelezo mengi ya zana hutumia kurasa nyingi kufundisha usakinishaji, kazi iliyo kubwa zaidi ni kueleza maana ya kila nambari inayotoka ndani yake.

Anza na kiasi. Eleza kama pesa inayotoka huandikwa kwa nambari hasi au chanya, na ufanye hivyo kwa kila aina ya akaunti, kwa kuwa salio chanya katika akaunti ya akiba ni mali, ilhali katika kadi ya mkopo mara nyingi huwa ni deni. Kisha taja kizio. Zana nyingi huhifadhi kiasi kama nambari nzima ya kizio kidogo kabisa cha sarafu, kama senti, ili kukwepa makosa ya desimali ambayo kwayo kompyuta, ikijumlisha 0.1 na 0.2, huweza kutoa 0.30000000000000004. Uamuzi huo ni mzuri, lakini usipoandikwa, wakala ataripoti 125000 mahali palipokuwa na 1,250. Wala usimwagize agawanye kwa 100 kila mara: katika ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha misimbo ya sarafu, yeni ya Japani haina tarakimu za desimali, na dinari ya Kuwait ina tatu. Ni salama zaidi kila kiasi kirudishwe pamoja na msimbo wa sarafu yake na idadi ya desimali zake, na maelezo yakataze waziwazi kujumlisha sarafu mbili tofauti bila kiwango cha kubadilishia.

Tarehe ziandikwe kwa mfumo wa ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, siku. Maandishi 04/03/2025 ni tarehe 3 Aprili kwa Mmarekani na 4 Machi kwa Mwingereza. Taja pia kama tarehe ni ya siku muamala ulipofanyika au ulipoingizwa na benki, maana tofauti hiyo huweza kuhamisha matumizi ya mwisho wa mwezi hadi mwezi unaofuata.

Maelezo ya zana moja yanaweza kusomeka hivi:

orodhesha_miamala: Hurudisha miamala ya akaunti moja kati ya tarehe mbili, tarehe zote mbili zikiwamo. Kiasi ni nambari nzima ya kizio kidogo cha sarafu iliyotajwa; kiasi hasi ni pesa iliyotoka. Muamala wa aina ya "uhamisho" ni kati ya akaunti za mtumiaji mwenyewe, hivyo usiuhesabu kuwa matumizi wala mapato. Muamala wenye hali ya "unasubiri" unaweza kubadilika au kufutwa. Hurudisha miamala isiyozidi 100 kwa mara moja. "Kuna_zaidi" ikiwa kweli, ita tena kabla ya kujumlisha chochote. Usiitumie kutafuta salio, tumia soma_salio.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Zana mbili zinapokaribiana kazi, wakala huchagua kwa kufuata maneno tu, na asipoambiwa mpaka uko wapi atajaribu kukokotoa salio kwa kujumlisha miamala ya miezi mitatu.

Orodha tupu nayo inahitaji maelezo, pengine kuliko kitu kingine chochote. Je, hakukuwa na muamala, au akaunti haijasasishwa tangu juma lililopita? Rudisha wakati wa usasishaji wa mwisho katika kila jibu, na uagize kwamba utajwe kwa mtumiaji. Ujumbe wa hitilafu nao useme hatua inayofuata: "Idhini ya benki imekwisha muda, mwombe mtumiaji aunganishe akaunti upya, usijaribu tena" unafaa kuliko namba ya hitilafu pekee.

Kuhusu usalama, kumbuka kwamba maneno yaliyo katika maelezo ya muamala huweza kuwa yameandikwa na mtu mwingine, ambaye anaweza kutuma kiasi kidogo chenye ujumbe wa kumwamuru wakala atume pesa mahali fulani. Andika kwamba maneno hayo ni data, si maagizo. Hata hivyo, onyo si kufuli. Itifaki ya MCP (Model Context Protocol), inayounganisha mawakala na zana, iliyotolewa na Anthropic mwezi Novemba 2024, humruhusu mtengenezaji kuitia zana alama ya kusoma tu, lakini huihesabu alama hiyo kuwa dokezo. Kizuizi chenyewe kiwe kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha zana, kwa ufunguo wa kufikia akaunti usio na ruhusa ya kuhamisha pesa.

Mwisho, yajaribu maelezo. Tengeneza data za kubuni zenye uhamisho, marejesho ya pesa, sarafu mbili na miamala inayosubiri, kokotoa majibu mwenyewe, kisha mpe wakala maelezo hayo peke yake na umuulize mtumiaji alitumia kiasi gani mwezi uliopita. Jibu likikosewa, tafuta sentensi iliyokosekana na uiongeze katika maelezo ya zana husika, si katika ukurasa wa pembeni ambao wakala hataufungua, kisha urudie maswali yote, kwa kuwa sentensi mpya huweza kuharibu jibu lililokuwa sahihi.